Siku Nne Kwenda Gachoka na Furushi la Miraa

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na Salim ameniuliza mbele ya wateja wake: safari ya nusu siku imekuwaje siku nne? Nimechoka kujibu vipande vipande. Nimeandika yote katika daftari hili, lipite mkono kwa mkono, na atakayelimwagia chai ataliandika upya. Habari za maandalizi nimeziruka kwa kuwa hazina ladha.

Kwa wasiojua mambo ya nyumbani kwangu: dada yangu Kathure aliolewa Gachoka, kwa Wambeere, miaka ishirini na minne iliyopita. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo siku mchumba alipokuja na wazee wake, aliyekalia kiti cha baba nilikuwa mimi. Mchumba aliitwa Ireri. Kwao hulima muguka, ile ndugu ya miraa ambayo hutafunwa majani badala ya vijiti, na sisi Wameru huidharau bila kuficha. Nilimwambia mbele ya wazee wake kwamba dada yangu hataolewa na muuza majani. Kathure alienda naye hata hivyo, nami sikukanyaga kwake tangu siku hiyo.

Mwezi uliopita akaniandikia barua. Ilikuwa fupi. Binti yake wa pili anaolewa, wageni wa mahari watafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na huko kama kwetu, binti hatoki bila neno la mjomba. "Usipokuja," aliandika, "Nkatha hataolewa, na hilo utaishi nalo wewe." Nkatha ni jina la marehemu mama yetu. Mtoto alikuwa na jina la mama yangu, amekua, anaolewa, na mimi sikuwa nimemwona uso.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, na siamui jambo kwa moyo. Nilichora mstari katikati ya ukurasa, sababu za kwenda upande huu, za kutokwenda upande ule. Za kwenda zikashinda, tisa kwa mbili. Zile mbili sitazisema. Nikaamua kufika Jumatano, siku tatu kabla ya wageni, ili nimwombe Kathure msamaha tukiwa wawili tu.

MAKUTANO

Mmeru haombi msamaha mikono mitupu. Hubeba ncoolo, yaani furushi la miraa teule lililofungwa kwa majani ya mgomba. Unampa uliyemkosea, unanyamaza. Akilifungua, amekubali kukusikiliza. Akilirudisha lilivyo, nenda nyumbani. Mimi ni mzee wa kanisa na sijawahi kutafuna miraa, lakini desturi ni desturi. Kasoro yake ni moja: miraa ikikatwa, baada ya siku mbili ni kuni. Ndiyo maana magari ya miraa huenda mbio vile mnavyoyajua.

Salim, jirani yangu wa Makutano, alinifungia furushi kwa mkono wake asubuhi na mapema. Baba yake alikuja Meru na lori la mizigo akapapenda, na mwana anasafirisha miraa hadi leo. Alikuwa ameniwekea nafasi ya mbele kwenye pikapu iliyokuwa ikiteremka Embu.

"Mwalimu, ingia. Chai ya saa nne utakunywa kwa dada yako."

Nilifikiri kwa makini. Mwendo wa magari hayo ni hatari, na mtu mwenye watu wanaomtegemea hawezi kujitia hatarini. Nikamweleza hivyo.

"Lakini dereva wangu alikuwa mwanafunzi wako!" akasema Salim.

"Ndiyo maana. Nazijua hesabu zake."

Pikapu ikaondoka bila mimi. Nilisimama Makutano na ncoolo kwapani, nikiwa nimeridhika kabisa na uamuzi wangu, hadi nikapata lori la mbao. Lilikuwa bado linapakiwa. Lilipakiwa mpaka saa sita. Mara tatu Salim alinipungia mkono kutoka dukani kwake, na mara ya tatu hakuwa akicheka.

CHUKA

Dereva wa lori, Mutembei, alikuwa mtu wa taratibu. Alisimama Nkubu kununua ndizi, akasimama Igoji kuzila. Tulifika Chuka saa kumi kasoro, na hapo nikamwomba anishushe.

"Lakini mimi ninaenda mpaka Embu, mzee. Kaa tu."

Nilimwambia kwamba Chuka anaishi Mwalimu Mbae, tuliyefundisha naye shule moja, na si adabu kupita mji wa mtu bila kumsalimu. Hii ni kweli. Pia ni kweli kwamba nimepita Chuka mara nyingi katika miaka tisa iliyopita na sikuwahi kumsalimu, lakini jambo hilo halikunijia kichwani wakati ule.

Mbae alifurahi mno. Aliniketisha, nikaletewa nduma na chai, na mezani palikuwa na rundo la mitihani ya majaribio ya kidato cha tatu, hesabu, haijasahihishwa. Nikavua koti. Nilisahihisha jioni ile. Nilisahihisha Alhamisi kutwa. Mtoto mmoja alikuwa amepata umri wa baba kuwa miaka minne na wa mtoto thelathini, nikamwandikia maelezo ya nusu ukurasa ili asirudie kosa. Mke wa Mbae aliiweka ncoolo yangu bafuni kwenye ubaridi na kuinyunyizia maji asubuhi na jioni.

Ijumaa asubuhi alinikuta na kalamu nyekundu mkononi.

"Mwalimu, huyo dada yako ni mgonjwa?"

"Hapana, ni mzima kabisa."

"Basi ni wewe mgonjwa. Mtu akimaliza siku mbili anamark mitihani si yake, huyo ako na shida."

Nilimweleza kwamba nilikuwa nikimsaidia rafiki. Mbae mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kochi akisoma gazeti. Mama yule hakubishana nami. Alibeba begi langu mpaka barabarani, akaniwekea ncoolo juu yake, akasimama hapo mpaka gari lilipokuja.

KARURUMO

Tulipofika Karurumo gurudumu lilipasuka. Hilo halikuwa kosa langu, naliandika ili haki itendeke. Kondakta alisema yapo magari mengine yanayokwenda Embu, yatatuchukua, tusiwe na wasiwasi. Abiria wenzangu walisimama kando ya barabara. Mimi niliona busara kula kwanza.

Hoteli ilikuwa ya Mama Wawira, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha njano kichwani. Aliniletea muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, na mboga ya kunde pembeni. Kilikuwa chakula kizuri na nilikila polepole. Alikuwa akilitazama furushi langu, kisha suti yangu, kisha furushi tena.

"Hongera, mzee," akasema.

"Ya nini?"

"Si unaenda kuposa? Mimi nimewahi kukaa Maua, kwenu Meru, hiyo kitu naijua, ndio mnapeleka mkiposa. Na mama wa kwanza anajua?"

Nilimwambia mke wangu ni mzima, ndiye wa kwanza na wa mwisho, na ninakwenda kwa dada yangu. Akasema ndiyo, wote huanza hivyo. Mzee mmoja wa meza ya pili akanishauri nitafute mjane, kwa umri wangu msichana ataniua. Nikaeleza habari ya Kathure tangu mwanzo, na barua, na Jumamosi, na jinsi furushi linavyofanya kazi. Ilichukua muda. Walisikiliza vizuri sana, na mzee yule akaagiza chai nyingine.

Nilipomaliza, Mama Wawira akasema, "Sasa hiyo gari ya Embu imekuacha."

"Ipi?"

"Hiyo, na hiyo ingine ya kwanza. Watu mlikuja nao washaenda."

"Mbona hukuniambia?"

"Mzee, mtu mwenye anangoja gari anaangalia barabara. Wewe umeangalia ukuta saa nzima. Na hiyo kalenda ni ya mwaka jana."

Nikageuka. Barabara ilikuwa nyuma yangu. Nawaambieni ninyi mnaonijua: kanisani, kwenye mikutano, hata kwangu mezani, mimi hukaa nikitazama mlango. Ni mazoea ya darasani, mwalimu hawapi wanafunzi mgongo. Hoteli ile ilikuwa na viti kumi na viwili vitupu, na hakuna aliyenichagulia. Niliukagua uamuzi wangu wa kukaa pale na sikupata sababu yake hata moja. Jambo hilo lilinisumbua kuliko kuachwa na magari.

Nilifika Embu jioni, nikachukua chumba karibu na soko. Majani ya mgomba yalikuwa yameanza kuwa ya njano.

EMBU

Jumamosi niliamka nikiwa na nia moja. Wageni wangefika kwa Kathure mchana, na mimi ningefika saa tatu. Msamaha wa faraghani ungekuwa mfupi, lakini ungekuwepo. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya vipengele vitatu: hali ilivyokuwa, kosa lilivyotendeka, na njia ya mbele.

Stendi niliulizia gari la kwenda njia ya Kiritiri, lile linalopitia Gachoka. Kijana mmoja akanielekeza kwa kidole. Nikaenda, nikasoma kibao cha gari, nikapanda, nikakaa dirishani, nikaanza kuinyoosha hotuba. Kipengele cha pili kilikuwa na matatizo. Kila nilipofika "kosa lilivyotendeka," kosa lilikuwa linatendeka lenyewe, bila mtendaji. Nilijaribu "maneno yalisemwa." Nikajaribu "pakatokea kutoelewana." Nilikuwa bado kwenye kutoelewana gari liliposimama kushusha mama mwenye kuku, nikainua macho, nikaona kitambaa cha njano.

Nilikuwa Karurumo.

Kibao kilikuwa kimeandikwa Meru. Nakumbuka vizuri nilikisoma, na macho yangu yakaona ni sawa, kwa sababu maisha yangu yote nikiwa Embu nimepanda gari la Meru. Kichwa kilikuwa kikitunga hotuba ya kwenda Gachoka, na miguu ikanipeleka nyumbani.

Nilishuka. Mama Wawira alikuwa mlangoni na sufuria mkononi.

"Umeamua kuoa hapa?" akaniuliza.

Niliingia nikakaa, safari hii nikiitazama barabara. Akaniletea chai ambayo sikuiagiza. Ilikuwa saa nne. Huko Gachoka walikuwa wanapanga viti.

"Naogopa," nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Kwenye daftari langu, katika zile sababu zote kumi na moja, neno hilo halikuwemo.

"Unaogopa atakufukuza?"

"La. Akinifukuza nitajua la kufanya. Naogopa atanikaribisha."

Alifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Ungesema hivyo jana," akasema, "saa hii ungekuwa umeshafika." Kisha akatoka mlangoni, akauliza huyu na yule, akarudi kunieleza kwamba nisipande gari lingine lolote kwa akili yangu. Kuna pikapu ya Gachoka imekuja kushusha mzigo Runyenjes, itapita mchana, ataisimamisha yeye mwenyewe. Nikamuuliza mzigo gani.

"Muguka," akasema.

NJIA YA GACHOKA

Dereva aliitwa Njagi, kijana mwembamba aliyejaza muguka shavu moja. Pikapu ilipita saa tisa kasoro. Nyuma yalikuwa magunia matupu na harufu ya majani mabichi. Alilitazama furushi langu akacheka.

"Mzee, wewe ni wa Meru na umepanda gari ya muguka? Wasikuone hao wenu."

Nilimwambia sina habari na watu. Tulipita Embu bila kusimama, tukashika njia ya kuteremka, joto likaanza. Migomba na chai ikabaki nyuma, tukaingia nchi ya migunga na mizinga ya nyuki kwenye matawi, na kando ya barabara mashamba ya muguka, vichaka vifupi vilivyopangwa mistari iliyonyooka. Nilihesabu mistari. Ilikuwa kazi safi.

"Unaenda kwa nani Gachoka?"

"Kwa Ireri. Mke wake ni Mmeru."

"Ireri wa Majani?" Njagi akageuka kunitazama, nikamwomba atazame barabara. "Huyo ni mzee wetu! Ndio alitufundisha kupanda hii kitu vizuri. Mimi nimesoma mpaka form four na majani yake."

Nikamuuliza kwa nini anaitwa hivyo.

"Ati kitambo shemeji yake alimtusi na hiyo jina, mbele ya wazee. Yeye akalichukua tu. Ameliandika mpaka kwa gate."

Nikarudi kuhesabu mistari ya muguka, hesabu ikanipotea.

"Na huyo shemeji?"

"Huyo? Nadhani alikufa. Hajawahi onekana huku."

Sikumsahihisha.

GACHOKA

Lango lilikuwa la bati la bluu, na juu yake kwa rangi nyeupe: IRERI WA MAJANI. Herufi zilikuwa zimepakwa upya karibuni. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nilisikiliza. Hapakuwa na nyimbo wala vigelegele, wala gari lililoegeshwa. Nikaelewa kwamba wageni wamekuja, wamengoja mjomba, wamechoka, wamekwenda. Nilisimama pale na furushi langu lililokufa, na sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia dakika ile.

Kathure alikuwa amekaa mkekani peke yake, akipukuchua kunde. Nywele zake zimeingia mvi. Aliinua uso, akaniona, akaendelea na ganda alilokuwa ameshika mpaka likaisha.

"Nimechelewa," nikasema.

Akatazama jua. "Hapana, Baba Kinoti. Umefika mapema. Bado siku saba."

"Barua ilisema Jumamosi hii."

"Ndiyo. Wageni wanakuja Jumamosi ijayo."

"Kathure, uliniandikia uongo."

"Na ningekuandikia ukweli, ungefika lini?"

"Ningefika kwa wakati," nikasema.

Aliendelea kupukuchua, nami kwa mazoea nikaifanya ile hesabu kichwani, Makutano, Chuka, Karurumo, Embu, Karurumo, na jibu likatoka: Jumamosi ijayo, saa kumi na moja jioni, wageni wameshaondoka na sufuria zimeshaoshwa.

"Nilikupa wiki moja ya kuogopa," akasema Kathure. "Nikaona itakutosha."

Nililia. Naliandika wazi ili msilisikie kwa wengine. Nililia nikiwa nimesimama, na suti, na begi, na yeye akainuka akaichukua ncoolo mkononi mwangu, akaifungua kabla sijasema neno. Vijiti vilikuwa vyeusi na vimejikunja. Hotuba yangu ya vipengele vitatu ilikuwa imepotea yote.

"Nilikosa," nikasema. "Ni mimi nilisema, na nilikosa."

"Najua ni wewe," akasema. "Nilikuwepo."

Ireri akatokea shambani na gunia begani. Amekuwa mzee, na amenenepa. Alinisalimia kwa mikono miwili, kisha akakiinua kijiti kimoja akakitazama.

"Shemeji, hii sasa ni kuni."

"Ndiyo," nikasema.

"Basi itapika chai." Akaipeleka jikoni.

Na ilipika. Chai ililetwa na msichana mrefu ambaye, baada ya kuweka trei, alisimama mkono mmoja kiunoni akingoja nionje. Mama yangu alisimama vile vile kila siku ya maisha yake, na Nkatha hakuwahi kumwona.

Nilikaa wiki ile nzima. Nilichuma muguka na Ireri asubuhi, na haikuwa kazi rahisi. Jumamosi wageni walifika saa saba. Mezani Ireri alikuwa ameweka ncoolo, imefungwa kwa majani ya mgomba kwa fundo la Kimeru alilofundishwa na dada yangu, na ndani yake muguka mtupu. Alinipa mimi kwanza, mbele ya wazee wake, baadhi yao walewale wa miaka ile. Nililifungua furushi nikatafuna. Ni chungu. Nikaomba jani lingine. Kisha nikasimama na Nkatha, nikasema neno la mjomba, na lilikuwa fupi kwa kuwa sikulitayarisha.

KURUDI

Niliondoka Gachoka Jumatatu baada ya chai ya asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa Makutano mbele ya duka la Salim, naye ni shahidi. Nasikia Mwalimu Mbae analalamika kwamba nilipita Chuka bila kumsalimu. Ni kweli. Sikuona sababu ya kushuka.